Mwanamke Lazima Awe Ameinama

Ijumaa ya Novemba, siku moja kabla ya maonyesho ya kuku, Desanka alikuwa amepiga magoti uani akimwosha jogoo kwa sabuni ya watoto. Jogoo alikuwa wa aina ya Brama, mwenye manyoya mpaka vidoleni, na kwa kuwa tangu Pasaka hakuwa ameacha kukua, sasa alilingana na ndama. Ilibidi aogeshwe kwenye karai la kunyonyolea nguruwe. Radoje, mumewe, alikaa kwenye benchi na glasi ya rakija, pombe kali ya matunda, akitoa maelekezo.

"Sugua hapo mkiani! Mwamuzi huanzia mkiani."

"Mikono unayo. Njoo usugue."

"Mimi ni fundi wa mbegu za kuku, mama. Fundi hashiki sabuni."

Manyoya ya jogoo yalikuwa na picha tangu Agosti. Kila unyoya ulikuwa na ukingo mweusi, na ndani yake picha ndogo iliyokolea rangi. Kifuani, Desanka alikuwa akivunja barafu kwenye chombo cha maji. Mabawani, Desanka alikuwa akiwapondea vifaranga mayai ya kuchemsha, akizoa mavi, akibeba gunia la mahindi. Mkiani, kwenye unyoya mrefu kuliko yote, Radoje alikuwa amelala kwenye benchi, kofia usoni.

Katika mkoa mzima wa Banat wafugaji hung'oa unyoya wenye kasoro kabla ya maonyesho. Hakuna anayekiri na hakuna asiyefanya. Radoje akaung'oa ule wa mkiani. Kabla glasi haijaisha ukaota mwingine, unaomwonyesha amelala vilevile, safari hii ameshika unyoya mkononi. Akaung'oa na huo. Wa tatu ulipoota akaacha, maana alikuwa akionekana mnene zaidi kila mara.

"Mwaka huu kwenye kadi andika na jina langu," alisema Desanka.

Kwa miaka ishirini na miwili kadi ya kizimbani ilikuwa imeandikwa jina la Radoje peke yake. Desanka hakutaka kingine chochote duniani.

"Kadi yenyewe ndogo."

"Andika herufi ndogo."

"Usinitie aibu mbele ya chama cha wafugaji, Desanka."

Ilimuuma. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa bado anaomba.

Kesho yake, kwenye ukumbi wa maonyesho, jogoo hakuenea kwenye kizimba chochote, basi akasimamishwa jukwaani, kando ya piano ya kwaya. Mwamuzi Tihomir, mwenye koti jeupe, alimkagua kwa kioo cha kukuzia, unyoya mmoja mmoja, kwa saa nzima.

"Huyu mwanamke ni nani? Yuko kila mahali."

"Rangi ya asili tu hiyo, Mwamuzi," alisema Radoje.

"Ni mimi," alisema Desanka.

Tihomir akamtazama yeye, akatazama unyoya, akamtazama tena.

"Kweli kabisa. Hongera, jirani Radoje! Umepatia mpaka kilemba chake cha kichwani."

Akatoa alama tisini na saba kwa mia. Radoje akapewa kikombe, na Desanka akamshika jogoo asitikisike wakati Radoje anapigwa picha. Kabla ya chakula cha mchana chama kilikuwa kimeitambua aina mpya, Kuku wa Radoje, na kuandika sifa zake: ukingo mweusi usiokatika; mwanamume mmoja, mkiani, amelala; mwanamke kila unyoya mwingine, lazima awe ameinama. Mwanamke aliyeketi ni kasoro, na kuku huyo aondolewe.

Vifaranga wa jogoo huyo walianguliwa mwezi wa Machi. Kufikia Agosti kuku tembe mmoja alikuwa na unyoya kifuani unaomwonyesha Desanka ameketi kwenye benchi, miguu juu ya ndoo, kikombe cha kahawa mkononi. Radoje akaleta karatasi ya chama, akafuatisha mstari kwa kidole.

"Huyu ni wa supu."

Desanka akamchinja, akamnyonyoa. Unyoya ule akauweka dirishani, akautazama kwa muda. Hakuwahi kulikalia benchi lile hata siku moja. Alifurahi kuona linamfaa.

"Desanka! Supu imefika wapi?"

"Inakuja," akasema, akainama kuchochea moto.