Mkorosho wa Kitovu

Kitovu cha Hafidha kilipokauka na kudondoka, mama yake, Hajra, alikifukia shambani Nkowe, na hapohapo akapanda mkorosho. Sasa mche umemfika Hajra kiunoni, na jirani yake, Babu Harithi, anasema umeota upande wake.

Mpaka wao ni mstari ulionyooka kati ya mikonge miwili, lakini katikati kimekaa kichuguu kama nyumba. Kamba haipiti, jicho halipiti. Hajra akamwomba babu wajaribu hesabu aliyofundishwa kwenye darasa la jioni: ukijua nukta mbili zilipo, mstari wote umeujua. Babu akacheka, akakubali, ila akaonya shule isije ikahamisha shamba.

Wakaanzia kwenye kona, shamba linapokutana na njia. Walihesabu hatua za kufuata njia, kisha za kukata kuingia shambani. Hajra akapima mkonge wa kwanza: kumi na tano za njia, kumi za shamba. Wa pili: arobaini na tano, sabini. Mtoto akalia mgongoni. Akaketi kumnyonyesha, na babu kwa huruma akaenda kuupima mkorosho. Ishirini na tisa, arobaini.

Hajra akaandika mchangani kwa kijiti. Kutoka mkonge hadi mkonge, njia imeongezeka thelathini, shamba sitini; kila hatua moja ya njia ni mbili za shamba. Akapata y = 2x − 20, x ikiwa hatua za njia, y za shamba. Ukiingia arobaini, mpaka uko thelathini. Zaidi ya hapo ni kwa Hajra, pungufu ni kwa babu. Mkorosho uko ishirini na tisa.

Akarudia, jibu lilelile. Akainamisha macho, ndipo akaona nyayo kwenye udongo: zake zimefuatana karibukaribu, za babu zimeachana.

"Babu, miguu yako mirefu. Ukipiga nne, mimi napiga tano. Tumechanganya vipimo."

Akampa babu mtoto, akapima mwenyewe, babu akimfuata nyuma akihesabu kwa sauti. Thelathini na sita, hamsini. Na kwenye hamsini, mpaka uko thelathini na tano.

"Umenishinda kwa hatua moja," babu akasema, "na yenyewe fupi."

Kisha akang'oa chipukizi la mkonge, akauliza alipande wapi ili wasibishane tena.

"Fuata njia ishirini na tano, babu, kisha ingia thelathini. Lakini kwa hatua zangu."

"Basi tangulia, mjukuu wangu."

Akafuata taratibu, Hafidha kifuani, akijitahidi kukanyaga palepale Hajra alipokanyaga.