Supu Isiyopiga Hodi

Haya ninayoyasimulia ni kweli tupu. Naapa kwa jicho langu la kulia, maana la kushoto lina mtoto wa jicho na haliaminiki.

Kengele ya chakula cha mchana ilipolia, watoto wa shule ya msingi walijipanga mbele ya dirisha la jiko, kila mmoja na bakuli lake la plastiki. Mpishi aliwatekea supu kwa upawa. Iliitwa supu ya ng'ombe kwa sababu ilichemshiwa mfupa wa ng'ombe. Nyama ilifika shuleni kila asubuhi, ikapitia ofisini kwa mwalimu mkuu ili ikaguliwe, na ukaguzi ulikuwa mkali: kilichofaulu kufika jikoni ni mfupa.

Watoto walikuwa wakisinzia darasani mchana, wakifika nyumbani wanakwangua masufuria. Wazazi walikwisha kumpata mwizi. Walisema nyama inatoka getini chini ya aproni ya mpishi. Ukaitishwa mkutano wa kumfukuza kazi, ufanyike Ijumaa.

Jumatatu ya wiki hiyo, msichana mmoja wa darasa la tatu aliinamia bakuli lake akaona humo ndani meza yenye kitambaa cha maua. Mezani alikaa mwalimu mkuu, ambaye saa hizo huwa amekwenda kwake kula, anatafuna nyama. Msichana akamwambia mwenzake asogeze kichwa, anamzibia mwanga. Mwenzake naye alikuwa na shughuli na bakuli lake. Picha ilikuwa ileile, ila kwake ilionekana kutokea upande wa meza uliokuwa na bakuli la mchuzi.

Kufikia Jumatano hapakuwa na kusukumana kwenye foleni. Watoto walikaa wametulia, kwa sababu ukilitikisa bakuli mwalimu mkuu anavurugika. Walikunywa kidogo kidogo, kwa sababu supu ikiisha naye amekwisha. Mke wa mwalimu mkuu alikuwa na kawaida ya kumfunga mumewe leso shingoni, basi nao wakaja na leso. Wakajifunza kutafuna mdomo ukiwa umefungwa, japo hawakuwa na cha kutafuna. Bwana afya alipopita alisema hajapata kuona watoto wenye tabia nzuri za ulaji kama wale, na mwalimu mkuu aliporudi akampa mkono wa pongezi.

Ijumaa mpishi hakujitetea. Alimgawia kila mzazi bakuli la supu akarudi kusimama mlangoni. Kwa kuwa mwalimu mkuu alikuwa pale mkutanini, kwenye supu kiti chake kilikuwa kitupu. Mkewe aliingia na bakuli kubwa linalofuka mvuke, akatazama saa ya ukutani, akamwambia binti yake, "Hebu nenda kamwite baba yako, nyama ya shule inapoa."

Wazazi walisikia vizuri. Mmoja akaomba chumvi.

Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa fundi cherehani, na ndiye anayempanulia mwalimu mkuu viuno vya suruali. Alikohoa.

"Ndugu wazazi, jambo hili ni zito," alisema. "Supu imeingia nyumbani kwa mtu bila hodi. Je, mama wa watu angekuwa anabadili nguo?"

Ukumbi ukaguna. Akina mama walisema kwa kweli hiyo siyo heshima. Mzee mmoja akauliza kama supu hiyo inaweza kuonyesha na nyumba nyingine, akaambiwa hakuna anayejua, naye akalisukuma bakuli lake mbali.

"Mwenyekiti, mimi nipe nyama tu," mpishi akasema. "Nyama ikiingia sufuriani supu itakuwa nzito, hutaona hata kidole chako humo."

"Mama, usitutoe kwenye ajenda."

Ikaamuliwa supu itiwe rangi ya chakula. Mwalimu mkuu alijitolea kuinunua mwenyewe, akapigiwa makofi. Mpishi hakufukuzwa, kwa kuwa hakupatikana mtu mwingine anayejua kupika supu ya ng'ombe bila ng'ombe.

Jumatatu iliyofuata supu ilikuwa ya manjano kama koti la mvua, na picha haikuonekana tena. Sauti ilibaki. Watoto walikaa na leso zao shingoni wakasikiliza. Siku hiyo zilikuwa mbavu, zikisikika zinavyovunjika. Na mke wa mwalimu mkuu alipouliza, "Nikuongeze?" shule nzima iliinua mabakuli juu. Mpaka leo huyainua.

Mke wangu, ambaye ndiye mpishi mwenyewe, amekuwa akisoma nyuma ya bega langu, na amesema hapo nimedanganya. Hazikuwa mbavu, yalikuwa maini, na maini hayavunjiki. Yeye alisimama na upawa mkononi akasikiliza mpaka tonge la mwisho. Nimejaribu kusema labda kulikuwa na kelele jikoni. Ameniuliza kelele za nini, na watoto walikuwa kimya vile?

Humu ndani mwetu anayeshikwa na uongo huosha vyombo vya siku nzima, na sufuria la leo limeungua, sijui kwa bahati mbaya au vipi. Amenihimiza nifanye haraka, anataka kulala mapema. Asubuhi ana supu ya kutia rangi. Basi nimekunja mikono ya shati, naomba tu mnielekeze steelwool ya kusugulia sufuria ilipo.