Pikipiki ya Marehemu Kaimu

Walikuja wakiisukuma huku ikidondosha petroli, na kabla sijawatazama watu niliitambua pikipiki. Nyekundu, taa ya nyuma ina ufa, kwenye kiti kuna kiraka cheusi nilichokishona kwa mkono wangu. Ilikuwa ya Kaimu. Kaimu alikuwa amezikwa kwao Mbekenyera, Ruangwa, mwezi uliopita. Aliumwa na nyoka akiokota korosho kwenye shamba la mama yake, na hawakuwahi kumfikisha hospitali. Mimi niliyekuwa nawasubiri washenga wake msimu wa korosho ukiisha sikwenda hata kuzika. Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa na sababu ya kwenda.

Mbele alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kofia ya kufuma, jasho linamtiririka. Nyuma, mkono mmoja juu ya kiti kama anayemshika mgonjwa asianguke, alikuwa mwanamke mwembamba aliyejitanda khanga. Kaimu alinisimulia habari zao mara nyingi, kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa. Huyu alikuwa mjomba wake, Mzee Yasini. Na yule alikuwa mama yake, Bi Mwanamvua.

Niliinamia injini niliyokuwa naifungua, nikaamkia bila kuinua uso. Sauti haikutoka vizuri.

Fundi Saturnini, mwenye gereji, alitoka kivulini akifuta mikono.

"Watu wa Ruangwa! Mnaisukuma pikipiki ili isichoke?"

"Fundi, tuna msiba," alisema Mzee Yasini.

"Najua mna msiba. Pikipiki hii naijua na mwenyewe namjua. Ila mimi Mmakua. Mmwera akifa, nani atamcheka kama si mimi?"

Mzee Yasini alisimamisha pikipiki, akamtazama, kisha mabega yake yakashuka. "Kumbe tumefika kwa mtani."

"Mmefika. Na huyo marehemu wenu hana adabu. Kaondoka bila kuniaga, halafu kaniachia pikipiki inayojikojolea. Huo ndio urithi wa Kimwera?"

Mzee alicheka. Bi Mwanamvua naye alicheka, machozi yakamtoka papo hapo, akayafuta kwa pindo la khanga wala hakuona aibu. Ndiyo kazi ya mtani msibani: anasema lisilosemeka, na watu wanapata nafasi ya kupumua. Mimi sikuwa na mtani. Nilikuwa na spana mkononi.

Walikuwa wamekuja kuhamisha vitu vya Kaimu kwenye chumba alichopanga. Kwetu kusini neno la mjomba ndilo neno, na mjomba alikuwa ameamua kuwa pikipiki iende kwa Hemedy, mpwa wa Kaimu, afanye bodaboda na amtunze Bi Mwanamvua, bibi yake.

"Mali ya marehemu haikabidhiwi na vumbi lake," Mzee Yasini alieleza. "Tukaiosha. Maji na sabuni, juu mpaka chini, nimesugua mwenyewe. Tukatia mafuta, tukapanda. Kufika Nambambo nasikia baridi mguuni. Suruali imelowa petroli! Dada yangu huku nyuma kapiga kelele."

"Ilikuwa ikivuja kule chumbani?" aliuliza Saturnini.

"Chini palikuwa pakavu kabisa."

"Inamlilia mwenyewe," alisema Bi Mwanamvua.

Saturnini alinitazama. Yeye ndiye mtu pekee mjini Nachingwea aliyeweza kuwa na fununu, kwa sababu Kaimu alikuwa akija gerejini mara nyingi kuliko inavyostahili pikipiki nzima. Leo mnyororo unalia, nao haulii. Kesho plagi haichomi, nayo inachoma vizuri tu. Alikuwa anakaa kwenye benchi ananitazama nikifungua na kufunga kitu kisicho na ubaya, na mimi kwa haya zangu nilikuwa namjibu neno mojamoja. Saturnini alizoea kusema, "Pikipiki ya huyu kijana ina ugonjwa wa moyo."

"Zulfa," aliniita sasa. "Utaiweza, au niishike mimi?"

Nilijua anauliza nini. Nikasema, "Nitaiweza."

Chuoni tulifundishwa kwamba mafuta yanapodondokea sipo yanapotokea. Tone linateremka, linafuata chuma, linaangukia mbali na kosa lake. Nilifunga koki, inayoachia mafuta kutoka tangini. Bado ilidondoka, kwa hiyo kosa halikuwa kwenye kabureta. Nilipapasa mpira wa mafuta wote, haukuwa na ufa, na vibanio vyake vilikuwa vimekaza. Nilidhani ni koki yenyewe, nikaikaza taratibu, nikasubiri. Tone jingine. Basi nikafungua kiti, nikalilegeza tangi, nikalifuta chini kwa kitambaa hadi likakauka, nikasaga chaki na kulipaka unga wake kote. Petroli ikitoka mahali, chaki inageuka rangi pale pale.

Nikachuchumaa kusubiri. Nyuma yangu, kwenye benchi lile lile, Bi Mwanamvua alikuwa anazungumza na Saturnini.

"Fundi, wewe unajua watu wa hapa. Mwanangu aliniambia ana binti huku."

Sikugeuka.

"Alisema korosho zikiisha twende kwao. Jina hakunitajia. Namuuliza, ananiambia, 'Mama, utamwona, ana haya, usije ukamtisha.' Nimeuliza nyumba aliyopanga, nimeuliza bodaboda wenzake. Hakuna anayejua."

"Mjini watu wengi, mama," alisema Saturnini.

"Simtaki kwa ubaya. Tuna khitma ya arobaini. Nataka aje akae pembeni yangu, basi. Mwenye uchungu kama wangu ni yeye tu."

Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, na umbali kati yetu ulikuwa hatua chache za udongo wenye oili. Nilishika ukingo wa tangi nikajiambia: sasa.

"Dada, mwache binti wa watu," alisema Mzee Yasini, kwa upole. "Hakuna posa iliyopelekwa. Hakuna barua. Akijitokeza leo kulia msibani kwetu, kesho watu watasema alikuwa nani wake? Nani atamwoa? Kama ana akili atanyamaza. Na sisi kama tuna huruma tusimtafute."

Niliachia ukingo wa tangi. Mzee alikuwa ameongea kweli tupu, tena kwa wema, na wema wake ndio ulioniziba mdomo.

Chaki ikageuka rangi. Karibu na mshono wa chini, upande wa kushoto, mstari mwembamba ukawa mweusi. Nikamulika kwa tochi ya simu. Palikuwa na kitobo kidogo cha kutu, na kukizunguka, kitu cha rangi ya asali kilichovimba na kulainika.

"Mzee," nilisema, "njoo uone."

Aliinama kando yangu, akagusa kwa kidole, akanusa.

"Utomvu wa mkorosho! Aa, hii ni dawa yetu. Mbekenyera kila mwenye tangi linalovuja anabandua gundi kwenye mkorosho, anaitafuna kidogo, anabandika. Petroli haiuwezi."

"Petroli haiuwezi," nilikubali. "Maji yanauyeyusha."

Nikamwona anakumbuka ndoo, sabuni, na jinsi alivyosugua.

"Basi nimeivujisha mwenyewe," alisema taratibu. "Nilitaka niitoe safi."

"Usijali, mzee. Ingevuja tu masika."

Aliporudi kwenye benchi nilitazama tena. Kando ya sehemu iliyolainika, utomvu mwingine ulikuwa bado mgumu, na juu yake kulikuwa na alama ya dole gumba. Mistari yote ilionekana, pamoja na kovu la kukatwa na kisu ambalo nililijua. Kaimu alikuwa amebonyeza kwa nguvu ili ushike.

Miezi yote ile aliniletea makosa ya uongo. Kosa la kweli lilipotokea akalifunika mwenyewe, hakuniambia. Pengine lilimpata njiani. Pengine Saturnini alikuwa amemtania siku ile mpaka akaona haya kurudi. Nilichuchumaa pale nikijaribu kuchagua jibu moja, wala hakukuwa na wa kuniambia kama nimepatia.

Saturnini alikuja akasimama juu yangu, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Mimi ni mtani. Nina haki ya kushika mali ya marehemu na kusema haitoki. Nikisema haitoki, watacheka, wataiacha hapa. Hata mwaka. Sema tu."

Nilifikiria mwaka. Nilifikiria pikipiki ikiwa pale ukutani kila asubuhi ninapofungua. Kisha nikamwona Bi Mwanamvua alivyokaa, miguu imevimba, vumbi la Nambambo limefika magotini. Ni huyo ndiye angepelekwa kliniki Ruangwa kwa pikipiki hii, au angekwenda kwa miguu.

"Iende," nilisema.

"Basi itengeneze vizuri."

Lehemu haishiki juu ya gundi. Ilibidi ule utomvu utoke wote. Nilichukua wembe nikajaribu kuubandua kipande kizima, ule wenye alama, nikiingiza ncha polepole kutoka pembeni. Ulikuwa umeshalowa kwa ndani. Ulipasuka vipande vitatu, kisha ukawa chembechembe kwenye kiganja changu, kama sukari guru. Nikapangusa kiganja kwenye ovaroli nikaendelea.

Nilimwaga mafuta kwenye dumu. Nikasuuza tangi kwa maji na sabuni hadi harufu ikapungua, nikaliziba sehemu ya koki, nikalijaza maji na kulilaza kitobo kikae juu, ili mvuke wa petroli usipate pa kukaa ukalipuka. Nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa. Saturnini alichochea jiko la mkaa na kupasha chuma cha kulehemu, lakini hakukishika. Aliniachia. Nilipaka asidi, nikaleta moto, risasi ya kulehemu ikayeyuka ikaenea juu ya kitobo na kutulia. Mkono wangu haukutetemeka. Hilo bado linaniumiza, kwamba haukutetemeka.

Adhuhuri iliadhiniwa tangi likiwa juani linakauka. Mzee Yasini alikwenda msikitini. Aliporudi nilikuwa nimesharudisha kila kitu, mafuta yamo, chaki mpya imepakwa chini. Tulisubiri. Chaki ilibaki nyeupe.

"Imepona," alisema mzee.

"Bado," nilisema. "Ikitikiswa na barabara ikiwa na uzito ndiyo tutajua. Inabidi kuijaribu na mtu nyuma." Nikafuta mikono. "Mama akikubali, nitampandisha mimi, mpaka pale kwenye mteremko na kurudi."

Mzee alitaka kusema kwamba angeweza kupanda yeye. Saturnini akamwahi. "Mtani, wewe una tumbo kubwa, utavunja springi nikudai."

Bi Mwanamvua alipanda upande mmoja, kike, akanishika kiunoni. Mikono yake ilikuwa myepesi. Nilipiga kiki, injini ikashika mara moja, tukatoka barabarani polepole, tukapita maduka, tukapita wauza mihogo, nyumba zikaanza kuachana.

Nikiwa nimemtazama mtu usoni sijui kusema. Pale macho yangu yalikuwa mbele, kwenye vumbi, na injini ilikuwa inaongea kwa sauti kubwa kuliko mimi.

"Mama," nilisema. "Ni mimi."

Sikujua kama amesikia. Tuliruka shimo moja, tukaruka la pili. Halafu ile mikono miwili ikanikaza, ikanikaza kweli, kama ya mtu anayevutwa na maji, na nikasikia paji la uso wake likilala katikati ya mgongo wangu. Ilinibidi nipunguze mwendo kwa sababu njia ilikuwa imepotea machoni.

Kwenye mteremko niligeuza. Karibu na gereji aliinua kichwa, akanirekebishia mtandio uliokuwa umeteleza kwa upepo, akaachia kiuno changu kabla hatujaonekana.

Nilizima, nikachungulia chini. Chaki ilikuwa nyeupe.

"Vipi?" aliuliza Mzee Yasini.

"Haivuji," alijibu Bi Mwanamvua. Alijifunga khanga upya, muda mrefu, ameinamisha uso. Kisha akamwambia kaka yake, "Ulisema kweli. Tusimtafute tena yule binti. Twende nyumbani."

Mzee Yasini alifurahi kwamba ameeleweka. Alinigeukia, akanishukuru, akaniombea kwa Mungu mume mwema na umri mrefu. Nikasema amina. Bi Mwanamvua alipanda nyuma yake bila kunitazama, na nilielewa kwamba kutonitazama ndiyo zawadi pekee aliyokuwa nayo ya kunipa. Alikuwa ameniona. Sasa alikuwa ananificha. Khitma ingesomwa Mbekenyera, na nafasi pembeni yake ingekaliwa na mtu mwingine.

Nilisimama hadi mlio wa injini ukachanganyika na mingine ya mjini, nisiweze tena kuutenganisha.

Saturnini alikuwa anakusanya spana zangu, kazi ambayo hajawahi kuifanya.

"Nenda nyumbani, Zulfa."

"Nikiulizwa nina nini?"

Alifikiri, akafunga sanduku.

"Sema petroli imekuingia machoni."

Nilikwenda. Mama yangu aliniuliza mlangoni, na jirani aliniuliza, na kila aliyeniuliza siku ile nilimwambia hivyo. Waliniletea maji. Nikanawa mbele yao, nikanawa tena, nikalia nilivyotaka.