Nyusi ya Kushoto

"Komarock nzima hakuna mwanamke wa miaka sitini na tisa mwenye nyusi kama zangu," Wangu, muuza vitunguu, alikiambia kioo asubuhi ya Jumamosi. Akasogea karibu. "Basi niseme nyusi moja, maana hii ya kushoto imeshajiendea zake."

Ilikuwa imeshuka kweli, na ngozi ya juu ya jicho imelala kama pazia lililokatika kamba upande mmoja. Dada yake Phelister alianza hivyo hivyo, uso ukaenda upande, wakasema ni kiharusi, na wiki haikwisha kabla hawajamzika.

Tena kulikuwa na binti yake, Kate. Jana alipiga simu kutoka Nyeri: "Mama, kwenye ile picha uliyonitumia uso wako umepinda upande. Kesho nenda kliniki. Nakuja jioni nisikie daktari amesema nini. Ukiwa mgonjwa, kibanda cha vitunguu tunafunga, unahamia kwangu."

Kuhamia Nyeri, kulishwa uji na kuambiwa usishike jembe! Wangu alichukua mkoba, akaenda sokoni Muthurwa.

Jirani yake wa kibanda, Khadro, aliuza wanja na kupamba maharusi.

"Mama Kate, inua mikono," alisema alipoonyeshwa ile nyusi. "Haya, cheka. Taja jina langu."

Wangu alifanya yote.

"Mdomo haujapinda. Lete kitambulisho."

Kwenye picha ya kitambulisho, ya miaka ishirini iliyopita, nyusi ya kushoto ilikuwa chini ya mwenzake.

"Wewe ulizaliwa hivi, uzee umeongezea tu," Khadro alisema. "Lakini mimi napamba maharusi, si daktari. Nenda kliniki leo."

"Nitaenda. Kwanza nichoree."

Khadro aliguna, akaipaka wanja nyusi ya kushoto, juu zaidi, ikalingana na ya kulia. Wangu akafunga kitambaa cha kichwa kwa nguvu mpaka macho yakavutika. Kliniki hakufika. Kama daktari angesema lile neno la Phelister, je? Njia nzima alijigusa mdomo, kuhakikisha uko mahali pake.

Jioni Kate alifika, hakungoja hata chai imiminwe.

"Ulienda?"

"Nilienda, mwanangu, na foleni ile! Daktari amenimulika jicho kwa tochi, akanipangusa uso mzima kwa spiriti. Amesema ni ngozi tu imechoka."

"Uso mzima?"

"Mpaka nyuma ya masikio."

Kate alilamba kidole gumba, kama Wangu alivyokuwa akimfanyia yeye utotoni kabla ya kanisa, akakipitisha polepole juu ya nyusi ya kushoto. Kidole kilitoka cheusi tititi.

Akakiinua mbele ya pua ya mama yake.

"Hiyo spiriti ya daktari wako, Mama, haitoi wanja?"

Wangu alivuta kitambaa cha kichwa kikafunika nyusi zote mbili.