Majani Aliyochemsha Shemeji

Nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye mtoto wa mwisho, na jina likamganda hata alipokuwa mtafiti wa maabara. Kazi yake ilikuwa seli za figo. Alizikuza kwenye visahani, akazitia kemikali inayozijaza makovu kama yale yaliyokuwa yakizila figo za dada yake, kisha akazijaribia kiini alichochuja kutoka majani ya mti fulani. Miezi minane alitoka kapa. Jumatatu moja akachungulia kwenye hadubini, akakuta seli zilizopata tone dogo ziko laini, zimepangana vizuri, makovu ya kuhesabika. Alirudia mara tatu, hakuyaamini macho yake.

Jioni furaha ikamzidi. Akampigia simu shemeji yake, mume wa dada huyo, akamweleza yote mpaka jina la mti.

Ijumaa akafungua visahani alivyovitia dozi kubwa ya kiini kilekile. Hakukuta seli hai hata moja. Bado anaandika kwenye daftari, ujumbe ukaingia: "Shemeji, Mungu akubariki. Tangu Jumanne namchemshia mgonjwa yale majani, kikombe asubuhi, kikombe jioni."

Akapiga, simu haikupokelewa. Akatoka mbio na koti la maabara mwilini.

Alimkuta shemeji jikoni, anakoroga ya jioni.

"Zima moto."

"Kuna nini?"

"Zima kwanza, shemeji. Ikizidi ni sumu."

"Si ulisema inalinda figo?"

"Inalinda seli kwenye kisahani. Tone moja, tena limechujwa. Sikusema uchemshe."

Shemeji akakaa chini palepale sakafuni. "Nimempa vikombe saba," akasema polepole. "Nimemuua mke wangu kwa mikono yangu."

"Hujaua mtu," dada akajibu kutoka mlangoni, kanga imemkaa upande. "Sijanywa hata kimoja."

"Mbona vikombe vinarudi vitupu?"

"Namwaga bafuni. Siku ya kwanza nilionja nikatema, chungu kama nyongo. Lakini ulikuwa unaleta na tabasamu lako hilo, nikashindwa kukukata maini."

Kitinda akazima moto mwenyewe, naye akaketi sakafuni kando ya shemeji yake. Hata hivyo hakuridhika. Kesho yake wakaenda hospitali watatu, damu ikapimwa, na daktari akawaambia figo ziko vilevile kama mwezi uliopita, hazijazidi kudhoofika. Shemeji alifuta uso kwa kiganja, akaomba daktari asome tena.

Nje, Kitinda akasema, "Nisamehe, dada. Mdomo wangu ulitangulia kazi."

"Na huyu mikono yake ilitangulia akili," dada akasema, akimwegemea mumewe. "Niambie, bado miaka mingapi iwe dawa kweli?"

"Mambo yakienda vizuri, kama kumi."

Dada akafikiri kidogo. "Basi nenda kazini. Mimi huyu atanirudisha."