Kiti cha Kilonzo

Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, mwaka wa 1979, Syombua alibandika sufuria kubwa ya chai, akafagia uwanja, akapanga viti vya kukunja alivyoazima kanisani. Kampeni zilikuwa zimepamba moto. Wenye bunduki wa pande zile za Kwa Vonza walikuwa wamemwita mbunge, na walichagua kukutana kwa Syombua kwa sababu nyumba yake ilikuwa karibu na barabara na chai yake haikubaniwa maziwa. Walikuwa kumi na mmoja, wote na leseni, na mwanamke alikuwa yeye peke yake. Leseni aliirithi kwa marehemu mumewe, Kilonzo, baada ya kuzungushwa maofisini Kitui mpaka viatu vikaisha soli.

Bunduki zenyewe hazikuwapo. Ziliitwa kituoni mwezi wa Februari kwa ukaguzi, na hadi siku hiyo zilikuwa bado zinakaguliwa. Ukaguzi gani huo, jamani, wa miezi sita kwa bunduki kumi na moja? Nao mto ulikuwa unashuka. Maji yakifika magotini, wezi wa ng'ombe huvuka, na huwa wanajua nyumba ipi ina bunduki na ipi haina. Syombua alikuwa na ng'ombe tisa. Kila asubuhi aliteremka mtoni kupima maji kwa mguu wake mwenyewe. Asubuhi hiyo yalikuwa mapajani.

Mheshimiwa Nzomo alifika saa tano na Landrover mbili. Alikuwa mtu wa kucheka na kila mtu, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Katika mji wa Kabati, mbele ya akina mama wa kanisa, alikuwa amesema bunduki zote zichukuliwe, damu imetosha. Sokoni Kwa Vonza alikuwa amesema boma bila bunduki ni zizi bila mlango. Kote alipigiwa makofi.

Syombua alimwonyesha kiti kizuri, chenye kitambaa. Lakini Mheshimiwa alikuja na mpiga picha, na alitaka kuonekana mwana wa nyumbani. Akaona ukutani kigoda cha miguu mitatu kimelazwa ubavu, akakisimamisha, akakikalia.

Kigoda hicho kilikuwa cha Kilonzo. Kiti cha mzee aliyekufa hulazwa hivyo mpaka ukoo umkabidhi mwanawe mkubwa, na mwana huyo alikuwa kazini Mombasa. Hata kuku wa pale walikuwa wanalijua hilo. Mheshimiwa alikuwa amekaa Nairobi miaka mingi.

Nzioka, mwenyekiti wa wenye bunduki, polisi mstaafu asiyejua kuzunguka mbuyu, alisimama.

"Mheshimiwa, leo hatutaki barabara wala bomba la maji. Swali ni moja tu. Bunduki zetu zinarudi au hazirudi? Na wewe mwenyewe uko upande gani?"

"Swali zuri sana," alisema Mheshimiwa. "Serikali inalitafakari." Akaangalia saa, akainuka aage. Kigoda kikainuka naye.

Hakuna aliyepiga kelele. Dereva alivuta kigoda, mpiga picha akamvuta Mheshimiwa, na mshono wa suruali ukapasuka kidogo. Wakajaribu sabuni. Wakajaribu mafuta ya kupikia.

"Ni Kilonzo huyo," alisema Nzioka. "Hata alipokuwa hai, mtu hakutoka hapa kabla ya kujibu alichoulizwa."

Syombua aliona aibu, maana mgeni ni mgeni. "Pole, Mheshimiwa. Chai yako sukari ngapi?"

"Mbili, mwaitu, mama yangu," alisema Mheshimiwa, akakaa tena.

Akajaribu kujibu. Alisema atalifuatilia, na miguu ya kigoda ikazama mchangani inchi moja. Alisema zitarudi, naapa kwa kaburi la mama, ikazama inchi mbili. Mkutano wake wa pili ukapita, na wa tatu. Ilipofika saa nane, magoti yalikuwa yamemfika kidevuni, na Syombua alikuwa amechinja kuku, kwa sababu watu hawawezi kungoja ukweli na njaa.

Baada ya kula, Mheshimiwa alifuta mikono polepole.

"Mimi sina upande," alisema. "Barua ya kuziita bunduki zenu niliiandika mimi. Nilitaka nizirudishe mwenyewe wiki ya mwisho ya kampeni, mnipigie kura."

Kigoda kikamwachilia. Alisimama, akajikung'uta mchanga, akaandika barua nyingine pale pale, juu ya boneti ya Landrover, bunduki zirudi Jumatatu.

Ungedhani wangemfukuza na mawe. Wapi! Walimpigia makofi. Nzioka alimshika mkono kwa mikono miwili. Syombua alihisi moyo umeshuka ukakaa mahali pake, akacheka, kisha akalia kidogo kwenye kanga. Hata hasira hakuitafuta.

Hapo ndipo Kaluki alipoita kutoka uani. Kaluki alikuwa jirani, mjane pia, mwenye ng'ombe watatu, na watatu hawakutosha kuombea leseni.

"Na sisi ambao hatuna bunduki, Mheshimiwa?"

"Swali zuri sana," alisema Mheshimiwa, akaingia ndani ya gari. Alipojibu alikuwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe, si kigodani, na hakuna kilichomzuia.

Jumatatu bunduki zikarudi, zimepakwa mafuta. Alhamisi maji ya mto yakafika magotini. Ijumaa kulipopambazuka, Syombua alikaa mlangoni na bunduki magotini, akawaona wezi saba wakipita njia ya juu. Walimsalimia kwa heshima. Aliitikia. Kisha akasikia kengele ya ng'ombe wa Kaluki ikielekea mtoni.

"Asante Mungu," alisema, na alishukuru kwa dhati, akahesabu ng'ombe wake wakatimia tisa.

Baadaye alimpelekea Kaluki chupa ya maziwa. Kaluki aliipokea, akamshukuru, akamkaribisha ndani.

"Atarudi lini, Mheshimiwa?"

"Watu wameshasema atapita uchaguzini. Kwa hivyo miaka mitano."

Kaluki alifikiri. "Wakati huo, mama, utaniazima kile kigoda?"

Syombua alimpenda Kaluki. Walizikiana waume. Lakini kigoda cha marehemu hakitoki nje ya boma, kila mtu anajua hivyo, na akamwambia hivyo kwa upole.

"Ni kweli," alisema Kaluki, akamimina maziwa kwenye chungu chake, akaiosha chupa, akamrudishia.