Pale Maji Yanapochoka

Jana usiku niliota kitabu kimeketi ukingoni mwa kitanda changu, kikinisubiri nimalize kufunga kamba za viatu.

Nilikifahamu. Ni mwongozo wa watu wanaoanza kujifunza mawe, kutafuta dhahabu na kutazama nyota. Nilikinunua mnadani Makongolosi, lakini si kwa ajili ya dhahabu. Kaka yangu Ambokile aliingia kwenye duara, lile shimo la wachimbaji, siku ambayo mto ulipasua kingo. Shimo lilijaa maji mpaka mdomoni. Wenzake walivuta maji kwa pampu, wakatafuta, wakakata tamaa. Mama alikataa msiba. "Sijaona mwili," alisema. "Nimlilie nani?" Ndipo nikanunua kitabu, nijue ardhi huficha wapi vitu vyake.

"Umechelewa, Tusekile," kitabu kikasema. "Sheria ya kwanza unaikumbuka?"

"Dhahabu ni nzito. Itafute pale maji yanapochoka."

"Basi twende. Yamechoka."

Nafungua mlango wa chumba, natokea katikati ya mto. Ni adhuhuri. Mto ni mkavu, mchanga unaunguza. Nyuma ya jiwe kubwa, maji yote ya mto yameketi kivulini, yamekunja magoti, yanahema.

"Shikamoo," nasema, maana yanaonekana ni makubwa kwangu kwa umri.

"Marahaba. Una kitambaa?"

Nikayapa upindo wa khanga yangu. Yakajifuta uso. Khanga haikulowa.

"Poleni kwa kazi."

"Tumeshapoa. Vyepesi tulivipeleka ziwani: majani, ndala, kofia. Kile kizito tumekitua hapa chini. Kilitushinda."

"Kizito gani?"

Maji yakatazamana. Sijui maji hutazamanaje, lakini yalitazamana.

"Shuka ukaone," yakasema, kwa sauti ya chini. "Ila taratibu. Hapati usingizi."

Sikuanguka. Nilikuwa tu nimeshafika chini ya shimo, kitabu kikiwa kwapani. Mdomo wa duara ulikuwa juu sana, mdogo kama kifungo cha shati, na ndani ya kifungo hicho, mchana kweupe, nyota zilikuwa zinawaka.

"Ambokile yuko wapi?" nikauliza.

"Mbele yako," kitabu kikanong'ona. "Lakini ni hafifu. Nyota hafifu haitazamwi usoni. Tazama pembeni yake."

Nikatazama ukuta. Papo hapo nikamwona kwa pembe ya jicho: amechuchumaa, matope yamemkaukia mabegani. Nikageuka nimtazame. Hakuna mtu. Nikarudisha macho ukutani. Akarudi, safari hii karibu zaidi.

"Usinitazame, mdogo wangu," alisema. "Kila ukinitazama napungua."

"Kaka, uko hai?"

"Unachokiona ni mwanga wa zamani. Mwenyewe niliondoka siku ile ile."

Shingo yangu ilitaka kugeuka. Niliishika kwa mkono.

"Twende nyumbani," nikasema. "Mama anakusubiri."

"Hilo ndilo linalonitesa. Kila jioni ananiita nikale. Ninainuka, nagonga kichwa kwenye mwamba. Mwambie aache kuniita. Anililie tu, nilale."

"Hataniamini. Atasema ni ndoto."

"Si ni ndoto?"

"Ndiyo maana hataniamini."

Akafikiri. Nilimsikia akifikiri, kama kokoto zinazoviringika ndani ya karai. Kisha akakiuliza kitabu, "Dhahabu ya kweli hujulikanaje?"

"Ni laini," kitabu kikajibu. "Iume. Ikishika alama ya meno, ni ya kweli."

"Nyoosha mkono, Tusekile."

Nikaunyoosha, macho yangu yakiwa ukutani. Kinywa chake kilikuwa cha baridi. Hakuuma kwa nguvu.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, na Mama alikuwa sebuleni anafagia. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza yote. Nikamnyooshea mkono tu. Juu ya kifundo kulikuwa na alama za meno, bado nyekundu, na kwa mbele palikuwa na pengo.

Mama aliegemeza ufagio. Akapitisha kidole kwenye alama moja baada ya nyingine, mpaka kikafika kwenye pengo, kikasimama hapo.

"Alianguka na baiskeli," alisema. "Nilimkataza ile baiskeli."

Alishika kochi upande mmoja, akasubiri nishike upande wa pili. Tukalitoa nje. Tukarudi kuchukua viti, kisha meza, mpaka sebule ikabaki tupu, naye akatandika mikeka sakafuni.

Jirani yetu, Mama Lugano, aliona kochi na viti vyetu vimepangwa uani. Alijifunga khanga kiunoni akaja mbio, akilia kabla hajafika mlangoni.